Safari ya Oshkosh huanzia mezani

Tukisikia neno ndege wengi wetu hufikiria lile dege kubwa la abiria, lenye tiketi, pasipoti na foleni ya ukaguzi wa mizigo. Leo nawaomba tuifikirie ndege ya namna nyingine kabisa. Ni ndege ndogo ya injini moja, yenye pangaboi mbele na viti vinne, kama zile zinazoruka na kutua mchana kutwa katika uwanja wa Wilson mjini Nairobi. Mwenye ndege ndiye rubani. Hana mhudumu, hana ofisi ya tiketi, wala hana mtu wa kumpangia saa ya kuondoka. Akitaka kusafiri, yeye mwenyewe ndiye shirika zima la ndege.

Sasa mtu huyo amekata shauri kwenda, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwenye maonyesho makubwa ya ndege. Na maonyesho yaliyo mashuhuri mno kwa marubani wa ndege ndogo ni yale yanayofanyika kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Julai, katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, huko Marekani. Swali letu la leo ni hili: mtu huyu ajiandae vipi? Nalo si swali la marubani peke yao, kama mtakavyoona kabla hatujaagana.

Kwanza tuufahamu mji wenyewe. Oshkosh ni mji wa kadiri tu, una watu wapatao 66,000, nao uko kando ya ziwa Winnebago. Mwaka 1953 bwana mmoja aitwaye Paul Poberezny alianzisha mjini Milwaukee, katika jimbo hilo hilo, chama cha watu waliojiundia ndege kwa mikono yao wenyewe katika mabanda ya nyumbani. Chama hicho hujulikana kwa herufi EAA. Mwaka huo huo wanachama walikutana kwa mara ya kwanza na ndege zao chache. Mkutano ukakua, ukahamia Rockford, jimbo la Illinois, mwaka 1959, na mwaka 1970 ukahamia Oshkosh, ambako umekaa mpaka leo. Poberezny alifariki dunia mwaka 2013, akiwa ameuona mkutano wake mdogo ukigeuka kuwa jambo la dunia nzima.

Maana siku hizi, katika juma moja tu la maonyesho, watu zaidi ya 600,000 huhudhuria, na ndege zaidi ya 10,000 hutua Oshkosh na katika viwanja vya jirani. Kwa juma hilo mnara wa kuongozea ndege wa Oshkosh huhesabiwa kuwa wenye kazi nyingi kuliko minara yote duniani. Uwanja ambao kwa mwaka mzima ni wa kawaida, kwa siku chache huishinda miji mikubwa kabisa. Na wengi wa wanaotua hapo si marubani wa mashirika waliovaa sare. Ni daktari wa meno, mkulima wa mahindi, fundi wa magari, mwalimu mstaafu, kila mmoja na ndege yake, mkewe au mumewe kando, na hema la kulalia nyuma ya kiti.

Hebu fikiria basi. Ndege elfu na elfu zinaelekea mahali pamoja, kwa siku zile zile, na nyingine zinaendeshwa na watu ambao hawajapata kufika hapo. Yawezekanaje zisigongane? Jibu ni kwamba kazi kubwa ya safari hiyo hufanyika kabla injini haijawashwa. Hufanyika mezani, kwa karatasi, kalamu na subira.

Jambo la kwanza mezani ni waraka. Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya maonyesho, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usafiri wa anga hutoa waraka maalumu wa kuingia na kutoka Oshkosh. Ni waraka wa kurasa kama 30, wenye ramani, picha na masafa ya redio. Rubani anatakiwa ausome wote, na si kuusoma tu bali kuuelewa, kisha asafiri nao ndani ya ndege. Na lazima uwe waraka wa mwaka huo. Rubani anayekwenda na waraka wa mwaka juzi aliopewa na rafiki yake ni sawa na mtu anayeingia mjini akifuata ramani ya kabla barabara hazijabadilishwa.

Waraka huo ndio unaomweleza saa za uwanja. Usiku uwanja hufungwa: baada ya saa 2 za usiku hakuna kutua mpaka asubuhi. Tena alasiri, wakati marubani wa michezo wanapopinduka na kuzunguka angani mbele ya watazamaji, uwanja hufungwa kwa wageni kwa saa kadhaa. Kwa hiyo rubani aliyepanga kufika saa 9 za alasiri, hata kama ameruka vizuri namna gani, atakuta mlango umefungwa. Itambidi atue kwingine angoje, na hapo ndipo mtu hujua kama mafuta yake aliyapigia hesabu au aliyakisia.

Jambo la pili ni uzito. Hapa ndipo wageni wengi hushangaa. Chukua ndege ya Cessna 172, ambayo ni miongoni mwa ndege ndogo zilizoenea sana duniani. Ina viti vinne. Lakini ndege hiyo, kwa kawaida, inaweza kubeba kama kilo 380 hivi kwa jumla, yaani watu, mizigo na mafuta vikiwekwa pamoja. Watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 320. Zimebaki kilo 60. Kilo 60 za mafuta ni kama lita 83, na injini yake hunywa kama lita 33 kwa saa. Maana yake, ukipakia watu wanne wazima, una mafuta ya saa mbili na nusu tu, na hujaweka hata mswaki.

Sasa wapunguze abiria wawe wawili. Watu hao ni kilo 160, hema na mablanketi na jiko na sufuria kilo 50, na matangi yakajazwa mafuta, kama kilo 145. Jumla ni kilo 355. Hapo ndege inaruka salama, tena ina mafuta ya saa kama sita. Ndiyo kusema kuna siku rubani atalazimika kumwambia shemeji yake, "Samahani, viti vipo lakini nafasi hakuna." Ni maneno magumu kumwambia mtu aliyekwisha kufunga begi. Lakini ndege haijui shemeji wala mjomba, inajua kilo. Tena katika joto la Julai hewa huwa nyepesi, na ndege nzito huhitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia kuliko siku za baridi.

Jambo la tatu ni njia. Tumchukue rubani anayeanzia mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio. Akiweka rula kwenye ramani kutoka Columbus mpaka Oshkosh, atapata kama kilomita 640, lakini mstari wake utapita juu ya ziwa Michigan. Ziwa hilo mahali pengi lina upana wa kama kilomita 100 au zaidi, na maji yake yana ubaridi hata katikati ya kiangazi. Ndege yetu ndogo ina injini moja. Injini ikizimika angani, ndege haianguki kama jiwe, bali huteleza ikishuka polepole. Kutoka kimo cha futi 10,000 Cessna yetu itateleza kama kilomita 25 kabla ya kugusa chini. Piga hesabu: kilomita 25 ukitoka ufuko wa mashariki na kilomita 25 ukikaribia ufuko wa magharibi ni salama. Katikati zinabaki kilomita 50. Kwa mwendo wa ndege hiyo, hiyo ni robo saa nzima ambayo injini ikigoma hakuna pa kutua ila majini.

Na akizunguka kusini, apite upande wa Chicago, njia hurefuka kwa kama kilomita 100, yaani nusu saa hivi. Anga ya Chicago nayo ina ndege nyingi kubwa na masharti yake, kwa hiyo itampasa apite mbali kidogo na kuangalia ramani kwa makini. Basi mezani rubani anaweka mizani: upande huu robo saa ya roho mkononi, upande ule nusu saa ya mafuta na uchovu. Wapo wanaovuka wakiwa wamevaa makoti ya kujiokolea na wakiruka juu sana. Wapo wanaozunguka. Mgeni wa safari hii, mwenye mkewe na watoto wanaomngoja nyumbani, nadhani nusu saa si bei kubwa. Lakini lililo muhimu ni kwamba aamue akiwa amekaa kitini nyumbani, si akiwa amekwisha kuliona ziwa mbele yake na jua linateremka.

Jambo la nne ni mazoezi. Ndege ndogo nyingi zinazoingia Oshkosh hufuata njia moja. Hiyo huanza kusini-magharibi, hupita juu ya mji mdogo uitwao Ripon, kisha hufuata reli mpaka kijiji cha Fisk, mwendo wa maili kama 10. Kutoka Fisk mpaka uwanjani ni kama maili 5. Katika njia hiyo ndege hupangwa moja nyuma ya nyingine, kama siafu. Kila moja iruke kwa mwendo wa noti 90, yaani kama kilomita 167 kwa saa, na kwa kimo cha futi 1,800 kutoka usawa wa bahari, ambacho hapo ni kama futi 1,000 juu ya ardhi. Ndege zisizoweza kwenda polepole hivyo hupita juu zaidi, kwa futi 2,300 na noti 135. Kati ya ndege na ndege iachwe nusu maili. Nusu maili ni nyingi ukiitembea kwa miguu. Kwa mwendo huo ni sekunde 20 tu.

Kwa nini mkazo mkubwa hivi juu ya mwendo? Kwa sababu ndege hubebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa yake. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa hushindwa kuibeba, nayo hudondoka. Akiwa juu sana rubani ana nafasi ya kujiokoa. Akiwa futi 1,000 juu ya ardhi nafasi hiyo ni ndogo mno. Sasa rubani mmoja akienda taratibu kuliko wenzake, wa nyuma yake hukaribia, naye hupunguza, na wa nyuma yake hupunguza zaidi, mpaka yule wa kumi anajikuta ananing'inia kwenye mwendo wa hatari huku akikata kona kali ili asimgonge mwenzake. Kosa ni la wa kwanza, anayelipa ni wa kumi. Ndiyo maana sharti liko wazi: ukishindwa kushika nafasi yako katika msururu, usijipenyeze wala usimpite mwenzako. Toka pembeni, rudi mwanzo, uanze upya.

Basi miezi miwili kabla ya safari, rubani mwenye busara huenda nyumbani kwake akajifunza kuruka noti 90 barabara, wala si 80 wala 100, kimo kikiwa hakipandi wala hakishuki, macho yakiwa nje na si kwenye saa za mbele yake. Hujifunza pia kutua mahali anapotaka. Maana huko Oshkosh barabara ya kutulia imechorwa alama kubwa za mviringo zenye rangi mbalimbali. Mwongozaji humwambia mmoja atue kwenye alama ya kijani, na mwingine, nyuma yake, kwenye alama ya rangi nyingine, ili ndege mbili au zaidi zitumie barabara ile ile kwa wakati mmoja. Barabara kubwa ya hapo ina urefu wa futi 8,000, na kila kipande chake kina mwenyewe. Aliyezoea kutua popote panapomjia atamkalia mwenzake mgongoni.

Sasa tumfuate mpaka angani. Ameondoka mapema, ametua mahali pa saa moja kabla ya Oshkosh, amejaza mafuta, ameingia msalani, amekunywa maji. Mambo haya ya msalani na maji msiyacheke: mtu mwenye kiu na haja hafikiri sawasawa. Kisha ameruka tena, na kabla ya kufika Ripon amewasha taa zake na kufungua redio. Na hapa kuna ajabu ambayo, mimi kwa upande wangu, ndiyo iliyonivutia kuzungumza habari hii. Katika njia ile marubani hawasemi. Mahali ambapo ndege ni nyingi kuliko popote duniani, redio ina sauti ya upande mmoja tu.

Pale Fisk, chini, kwenye kilima kidogo, wanakaa waongozaji wa ndege waliovaa fulana za rangi ya waridi, darubini mkononi. Hawamwulizi mtu jina wala namba. Hutazama juu, wakasema kwenye redio maneno ya namna hii: Cessna nyeupe yenye mistari myekundu, tikisa mabawa. Rubani huitikisa ndege yake kushoto na kulia. Vizuri, fuata reli, sikiliza mnara. Anayefuata, ndege ya bluu yenye mabawa chini, tikisa mabawa. Vizuri, wewe fuata barabara. Kwa maneno machache hayo msururu mmoja hugawanyika kuwa miwili, kila mmoja na barabara yake ya kutulia. Laiti kila rubani angejibu, angeuliza, angesalimu na kueleza alikotoka, redio ingejaa makelele na watu wangekufa. Kutikisa mabawa kunatosha, kwa sababu yaliyobaki yote yalikwisha kusomwa mezani.

Na msururu ukijaa? Yapo maziwa mawili ya karibu, Rush na Green, ambako ndege huambiwa zizunguke zikingoja. Mwaka 2018 mawingu ya chini yaliwazuia marubani wengi mwishoni mwa juma lililotangulia ufunguzi. Anga ilipofunguka wote wakaja kwa mkupuo, na wapo waliozunguka na kuzunguka kwa muda mrefu mno, na waliolazimika kwenda kutua kwingine. Mwaka uliofuata, wa 2019, njia ya kuingilia iliongezwa urefu kwa vituo vipya vya kuanzia, ili msururu upangike mbali zaidi. Hata hivyo fundisho la mwaka ule kwa msafiri halijabadilika: mafuta ya kufikia hayatoshi. Beba mafuta ya kufikia, ya kuzungukia, na ya kuondokea.

Akishatua, hutakiwa aiondoe ndege barabarani upesi, aingie kwenye nyasi. Hapo hukuta watu wa kujitolea wenye bendera, ambao hutazama karatasi aliyoiweka dirishani, yenye herufi kubwa alizoandika tangu nyumbani. GAC maana yake anataka kulala kwenye hema karibu na ndege yake. GAP maana yake anaegesha tu, atalala kwingine. Herufi tatu, na hakuna haja ya kusimama na kuelezana wakati nyuma yake wengine wanatua. Kisha huifunga ndege yake kwa kamba na vigingi alivyokuja navyo mwenyewe. Dhoruba za kiangazi za Wisconsin zina upepo mkali, na ndege isiyofungwa hupeperuka ikaenda kuiumiza ya jirani. Mvua nayo haina adabu. Mwaka 2010 ilinyesha hata viwanja vya nyasi vikageuka matope, na ndege nyingi zikaambiwa zisije, zikangoje katika miji ya jirani.

Baada ya hapo ndipo raha huanza: ndege za vita vya pili vya dunia, ndege zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, wazee wenye hadithi, vijana wanaojifunza kugonga ribiti, na jioni chai kando ya hema, ndege yako ikiwa ndiyo ukuta wako. Hayo sitayaeleza sana, maana anayefika atayaona mwenyewe.

Ninalotaka kulikazia, wasikilizaji, ni jambo la tano, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote manne. Ni mpango wa kutofika. Rubani anayekwenda Oshkosh mara ya kwanza aandike kwenye karatasi, kabla ya kuondoka, mambo yatakayomfanya ageuke. Mawingu yakishuka chini ya kimo fulani, nageuka. Mafuta yakibaki ya saa moja na nusu na bado nazunguka, naondoka kwenye msururu. Ikifika saa fulani sijafika Ripon, natua palipo karibu nalale huko. Aandike pia majina ya viwanja atakavyokimbilia. Fond du Lac uko kusini na Appleton uko kaskazini, na kutoka kimojawapo ni kama nusu saa kwa gari mpaka Oshkosh. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aongeze siku mbili kwenye likizo yake, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ili asije akawa mtumwa wa kalenda.

Kwa nini aandike, wakati ana akili zake timamu? Kwa sababu akili ya mezani na akili ya njiani si akili moja. Mtu aliyeruka saa tatu, aliyeota safari hii kwa miaka kumi, aliyewaahidi marafiki kwamba atakuwa hapo jioni, akiuona mji kwa mbali na mawingu yakiteremka, moyo wake humwambia, "Zimebaki maili 30 tu." Maneno hayo yameua marubani wengi tangu ndege zilipobuniwa, na hayakuwaua wajinga. Yamewaua watu hodari waliokuwa wamekaribia kufika. Ile karatasi iliyoandikwa mezani ni sauti ya mtu yule yule alipokuwa hana haraka. Kazi yake angani ni kumtii mwenzake wa juzi.

Wala urubani hauna huruma kwa jina la mtu. Tarehe 29 Julai mwaka 2023, wakati wa maonyesho hayo hayo ya Oshkosh, ajali mbili zilitokea siku moja. Ndege moja ilianguka katika ziwa Winnebago, na helikopta iligongana na chombo kingine kidogo cha kuruka hapo hapo uwanjani. Watu wanne walikufa. Ajali hizo hazikuwa za msururu wa kuingia, lakini zinatukumbusha kuwa nyuma ya bendera na vigelegele kuna jambo zito.

Na abiria je? Abiria katika ndege ndogo si mzigo. Jozi yake ya macho ni nusu ya usalama: aangalie nje, aseme anapoona ndege nyingine, na akae kimya pasipo na la kusema wakati wa kuingia. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni ile ya kabla ya safari. Asomewe ile karatasi ya kugeuka naye akubali. Maana mara nyingi rubani haogopi mawingu kama anavyoogopa kumvunja moyo aliyeketi kando yake. Mke akisema tangu nyumbani, "Tukilala njiani hakuna neno," amempunguzia mumewe mzigo mkubwa kuliko begi lolote.

Hapo ndipo naona habari hii imetufikia sisi tusio na ndege. Ni wangapi kati yetu tuliopata kumhimiza dereva? Tumechelewa harusi, au tunawahi maziko, giza limeingia, mvua inanyesha, dereva ana usingizi machoni, nasi tunasema, "Kaza kidogo, tumekaribia." Hatukuwahi kukaa mezani kabla ya safari na kukubaliana kwamba ikifika saa fulani tutalala hapo tulipo. Kwa hiyo uamuzi tunamwachia mtu aliyechoka, usiku, huku sote tunamtazama kisogo. Akifika salama tunamsifu kuwa jasiri. Asipofika tunasema ilikuwa siku yake.

Yule rubani wa Columbus, aliyetua Fond du Lac kwa sababu mawingu yalishuka chini ya kimo alichokiandika, akalala kwenye kiti na kufika Oshkosh kesho yake kwa gari la kuomba, hatasifiwa na mtu. Hakuna atakayempigia makofi kwa ajali ambayo haikutokea. Lakini huyo ndiye aliyepanga safari, na ndiye atakayekwenda tena mwakani. Basi juma hili, mwenye safari kati yenu akae kwanza na wenzake mezani, waulizane swali moja: ni jambo gani litakalotufanya tugeuke? Jibu lake waliandike kabla gari halijawashwa.

Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo.